Kazi ya Mpiga Besi na Haki Yake
(Maneno ya hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama, Ukunda)



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme machache juu ya kazi yangu ya pili. Ya kwanza mwaijua, kwa kuwa wengi wenu twakutana njiani asubuhi. Ya pili naifanya siku zangu za mapumziko: napiga gitaa la besi katika bendi, mara nyingi hapa Diani na Ukunda, na pengine arusini Msambweni. Najua wapo watakaouliza, muziki una nini na chama cha wafanyakazi? Jibu langu ni hili. Mtu anayesimama kwa miguu saa nne, aliyebeba vyombo vizito, akiwafurahisha wageni wa tajiri ili wakae wale na kunywa, kisha akangojea ujira wake mlangoni pa ofisi, huyo ni mfanyakazi kama mwingine. Na mfanyakazi asiyejua hesabu ya kazi yake hupunjwa.

Nitasema mambo manne: besi ni kitu gani, vyombo vyake, elimu yake, na namna kazi hii inavyokatizwa pamoja na dawa yake.

BESI NI KITU GANI

Ninyi wa reli mtanielewa upesi. Abiria hutazama injini na mabehewa. Hakuna atazamaye mataruma. Lakini ondoa mataruma, uone kama gari litafika Voi. Katika bendi, mwimbaji ni injini, gitaa la solo ni honi, na besi ni mataruma. Mchezaji hasemi, "Nimeisikia besi." Miguu yake ndiyo iliyosikia.

Jambo hili si geni kwetu. Katika ngoma za Wadigo na Waduruma, kama sengenya, iko chapuo, ngoma ndogo inayosema maneno mengi, na liko vumi, ngoma kubwa ya sauti nzito. Mpiga vumi hasemi sana, bali akikosa yeye ngoma nzima hupotea njia. Mpiga besi ni mpiga vumi aliyepewa nyuzi na umeme.

Zamani besi ilikuwa ile kubwa ya kusimama, irefu kuliko mtu, ambayo hata leo yasikika katika taarabu ya Unguja. Mwaka 1951 fundi mmoja wa Marekani, Leo Fender, alianza kuuza besi ya umeme ya kuvaa begani, yenye vipande vya chuma shingoni ili kidole kipate mahali pake bila kubahatisha. Tangu hapo mpiga besi aliweza kusafiri na chombo chake katika basi, na kusikika mbele ya ngoma na matarumbeta.

Wala msidhani kwamba mpiga besi ni mtu wa nyuma siku zote. Bendi ya Les Wanyika, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978, iliongozwa na mpiga besi Tom Malanga, aliyetoka Simba Wanyika pamoja na wenzake. Wimbo wao "Sina Makosa" ulienea Afrika Mashariki yote. Usikilizeni tena, safari hii mfuateni Malanga peke yake, mtaona namna besi inavyotembea taratibu na kuwaachia wengine nafasi.

Lakini iko habari nyingine inayotuhusu zaidi sisi wa chama. Huko Detroit, Marekani, palikuwa na mpiga besi jina lake James Jamerson. Alipiga katika sahani nyingi sana za kampuni ya Motown, sahani zilizouzwa dunia nzima. Miaka mingi jina lake halikuandikwa juu ya jalada lolote. Lilianza kuandikwa mwaka 1971. Alikufa mwaka 1983, na watu wengi waliokuwa wakicheza kwa vidole vyake hawakujua aliishi. Basi kazi kuwa nzuri na kazi kuandikwa ni mambo mawili mbalimbali.

VYOMBO

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Ule mnene huitwa E, kisha A, kisha D, na ule mwembamba huitwa G. Nyuzi hizo nne zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, ndiyo sababu ndani ya shingo pamewekwa chuma kirefu cha kuizuia isipinde. Hapa pwani joto na unyevu huugeuza mti, kwa hiyo shingo yataka kutazamwa mara kwa mara. Anayekaza chuma kile akikaze kwa robo ya mzunguko tu, kisha angoje. Akilazimisha, atakata chuma na kununua shingo mpya.

Adui yetu wa pili ni chumvi. Upepo wa bahari huzila nyuzi, na huota kutu katika tundu la kuchomekea waya. Dawa yake ni rahisi: nawa mikono kabla ya kupiga, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza, na usiliache gitaa ubavuni mwa dirisha linalotazama bahari. Nyuzi mpya za besi ni ghali. Nyuzi za zamani zilizokufa sauti zaweza kuchemshwa katika maji safi kwa dakika 10, zikakaushwa kabisa, nazo hufufuka kwa siku chache. Jamerson mwenyewe hakupenda kubadilisha nyuzi mpaka zikatike, basi asiye na fedha asione haya.

Tatu ni amplifaya na spika. Sauti nzito yataka nguvu nyingi kuliko sauti nyembamba. Mpiga gitaa akitosheka na wati 50, mpiga besi huhitaji 200 au zaidi ili walingane. Kwa hiyo usichomeke besi katika spika ndogo ya gitaa na kuifungulia hadi mwisho. Karatasi ya spika itapasuka, na mwenye spika atakudai.

Nne ni umeme, na hapa nasema kwa nguvu. Umeme wetu ni wa volti 240. Plagi yenye miguu mitatu ina mguu wa ardhi, nao ndio unaokulinda uhai. Katika arusi nyingi nimeona waya umeunganishwa kwa mikono mitupu na mguu wa ardhi umekatwa ili plagi iingie. Mwaka 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey alishika maikrofoni jukwaani hali vyombo havikuungwa na ardhi, akafa mbele ya watazamaji. Sisi twapiga juu ya mchanga wenye maji na karibu na mabwawa ya kuogelea. Pasipo na ardhi, usichomeke. Kama fundi wa mahali hataki kutengeneza, bendi nzima ikae chini.

ELIMU

Wengi husema elimu ya muziki ni ya watu waliosoma sana. Si kweli. Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni, na tulichofundishwa ni kuimba do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Hiyo yatosha kuanzia.

Hesabuni kwa vidole: do ni ya kwanza, fa ni ya nne, so ni ya tano. Nyimbo nyingi sana, za kanisani, za bango na za rumba, zimesimama juu ya hizo tatu. Sasa tazameni namna besi ilivyopangwa. Kutoka uzi mmoja mnene hadi ule mwembamba unaoufuata ni mwendo wa nota nne, yaani do hadi fa. Basi weka kidole juu ya uzi wa A, kipande cha tatu: hiyo iwe do yako. Vuka kwenda uzi mwembamba unaofuata, kipande kile kile cha tatu: umepata fa. Rudi uende uzi mnene zaidi, kipande kile kile cha tatu: umepata so ya chini. Mkono haukuhama hata kidogo, na tayari una nyimbo mia moja. Ukitaka mi, vuka kwenda uzi wa D na urudi kipande kimoja nyuma. Ukihama mahali, umbo ni lile lile. Mwimbaji akisema sauti yake leo iko juu, wewe wasogeza mkono wote, nayo hesabu haibadiliki.

Lakini nota ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni wakati. Chakacha huenda kwa hesabu ya sita, na sita yaweza kugawanywa mara mbili kwa tatu tatu, au mara tatu kwa mbili mbili. Wanawake wanaocheza hufuata moja, na ngoma huivuta nyingine. Mpiga besi hana budi kuzisikia zote mbili na kujua asimame wapi. Bendi ya Mombasa Roots ilipoipeleka chakacha katika vyombo vya umeme, kazi ilikuwa hiyo hiyo: kuzuia ngoma isigeuke kuwa mwendo wa askari. Hili halijifunzwi kitabuni. Kaa karibu na mpiga ngoma, tazama mguu wake, na usipige nota ambayo haikuombwa. Kunyamaza nako kwahesabiwa.

Na tulinde masikio. Wataalamu wa afya kazini hukadiria kwamba sikio laweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na 100 ni robo saa tu. Bendi ndani ya ukumbi hufika 100 bila shida. Mtu aliyeshinda karakanani mchana na kupiga muziki usiku hulipa mara mbili. Vizibo vya masikio tunavyopewa kazini vyafaa jukwaani pia, chukueni.

KAZI INAVYOKATIZWA

Sasa nafika penye uchungu. Kazi ya muziki hapa pwani ya kusini haikatizwi mara moja kwa ajali. Ukatizwaji ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kwanza yako majira. Mvua za masika zikianza, Aprili hadi Juni, wageni hupungua na hoteli nyingine hufunga milango ili zitengenezwe. Kisha uko mwezi wa Ramadhani, ambao hapa Kwale twauheshimu sote, Mwislamu na asiye Mwislamu, arusi husimama. Ukiwa na msiba wa jirani, vyombo hurudi ndani, na hakuna anayelalamika. Hayo twayajua, nayo yaweza kuhesabiwa mapema.

Yapo mengine yasiyohesabika. Tarehe 13 Agosti 1997 vita vilizuka Likoni. Watu zaidi ya 100 waliuawa na wengi mno wakakimbia makwao. Waliotutangulia katika kazi hii husimulia kwamba hoteli za Diani zilikauka, na wapigaji walirudi bara au walikwenda kuvua samaki. Mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, yakawa hayo tena. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa na pwani yake, kutoka Mtwapa hadi Tiwi, ila kwa jambo la lazima. Angalieni: Diani haikuwamo. Hata hivyo ndege za wageni zilizokuwa zikitua Mombasa zilifutwa, na Diani ikaumia kwa onyo lisiloihusu.

Kisha maradhi ya Korona. Tarehe 27 Machi 2020 ilianza amri ya kutotoka nje kutoka saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Muziki wetu huanza saa 2 usiku. Basi amri hiyo haikupunguza kazi yetu, iliifuta yote. Aprili 8 njia za kuingia na kutoka Kwale, Kilifi na Mombasa zikafungwa. Saa za amri zilibadilishwa mara kadhaa, lakini amri yenyewe haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Hiyo ni miezi 18 na majuma 3. Nawajua wapigaji waliouza gitaa ili wanunue unga. Mimi nilikuwa na mshahara wa reli. Wao hawakuwa na tajiri wa kumdai, kwa sababu hakuna karatasi iliyosema walikuwa wakimfanyia nani kazi.

Na huko Msambweni mambo yamebadilika pia. Mgodi wa titani wa Maumba na Nguluku ulikoma kuchimba Desemba 2024. Mfanyakazi wa mgodi akikosa mshahara, haiti bendi arusini. Huita spika moja na simu. Hivyo mjue kwamba ujira wetu umefungwa katika ujira wenu.

Hata katika siku za amani liko lile la simu ya saa 10. Bendi yetu ilipatana kwa mdomo na hoteli moja ya pwani hii, ambayo sitaitaja, kupiga kila Ijumaa na Jumamosi kwa miezi mitatu. Juma la tano, Ijumaa saa 10 alasiri, tukiwa ndani ya feri Likoni, gari la kukodi limekwisha lipwa, simu ililia: msije, wageni ni wachache. Hapakuwa na fidia ya usiku ule, wala ya majuma saba yaliyobaki. Tulipouliza, tuliambiwa, "Mlitia sahihi wapi?"

DAWA YAKE

Kwanza tujue hesabu. Chukueni mfano huu. Bendi ya watu 5 yapewa Sh 15,000 kwa usiku. Gari Sh 3,000, kukodi spika Sh 4,000. Zabaki 8,000, kila mtu Sh 1,600. Yaonekana nzuri. Lakini mmeondoka Mombasa saa 9 alasiri na kurudi saa 8 usiku, yaani saa 11. Gawanyeni: ni kama Sh 145 kwa saa, na nyuzi zako hazijahesabiwa. Mtu asiyefanya hesabu hii ndiye anayekubali 10,000 kesho na kuwaharibia wote bei. Tukubaliane chini ya kiasi gani hatushuki.

Pili, karatasi. Haihitaji wakili. Iandikwe tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, malipo na siku ya kulipwa, nani analeta vyombo, nani anatoa chakula na gari, nani anahakikisha umeme una ardhi. Na liwemo neno hili: kazi ikifutwa zikiwa zimebaki siku mbili au pungufu, nusu ya malipo hulipwa. Itakeni na sehemu ya fedha mbele, angalau ya gari. Tajiri mwema hakatai, maana karatasi humlinda naye asiachwe na jukwaa tupu siku ya mwaka mpya.

Tatu, sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 husema kwamba mapatano ya kazi ya jumla ya miezi mitatu au zaidi yaandikwe, na tajiri ndiye mwenye wajibu wa kuyaandika. Kesi ikija naye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha lile linalobishaniwa ni wake. Kadhalika kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Lakini sikilizeni vizuri: sheria hiyo humlinda aliyeajiriwa. Bendi iliyokodiwa kama mwenye duka aletaye bidhaa haimo ndani yake. Ulinzi wake ni mapatano iliyotia sahihi. Yenye deni lisilozidi Sh 1,000,000 yaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambapo mtu aweza kujisemea mwenyewe. Basi ulizeni kabla ya kupiga nota ya kwanza: twaajiriwa au twakodiwa?

Nne, umoja. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki katika shughuli zake. Mhudumu wa meza, mpishi, mlinzi na mpiga muziki wa hoteli moja hutegemea wageni wale wale. Ukatili ukimpata mmoja, wengine wako katika foleni. Naomba tawi hili lifanye mambo mawili. La kwanza, lichapishe mfano wa karatasi ya mapatano kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ugawiwe kwa kila bendi kutoka Likoni hadi Lunga Lunga. La pili, wapigaji waanzishe mfuko wao, kila mmoja atoe sehemu ndogo ya kila usiku wa kazi wakati wa wageni wengi, ili masika yakija, au jambo jingine baya, gitaa lisiuzwe.

Maana fundi akiuza chombo chake, hata kazi ikirudi, yeye hawezi kurudi nayo. Hilo ndilo tuliloliona baada ya Oktoba 2021: jukwaa lilifunguliwa, na waliostahili kulipanda hawakuwa na cha kushika.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Karatasi yetu ya mapatano, ile tunayoitumia sasa katika bendi, iko mezani kwa Katibu. Atakaye kuinakili ainakili, na mwenye swali aulize.